Mashine Iandae, Mtu Aidhinishe: Tathmini ya GitHub Actions na Buttondown kwa Barua za Matoleo

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu sasa, kila ninapochapisha toleo jipya la maktaba ya msimbo huria ninayoitunza (msimbo ambao wengine huutumia ndani ya programu zao), barua pepe ya kuwaarifu waliojiandikisha huandaliwa yenyewe: GitHub Actions, chombo cha GitHub cha kuendesha kazi zenyewe, huyachukua maelezo ya toleo, skripti fupi ya Python huyapanga, Buttondown, huduma ya kutuma barua kwa waliojiandikisha, huyapokea yakiwa rasimu, nami huyasoma kabla hayajaondoka. Hapo awali nilikuwa nikinakili maelezo hayo kwa mkono, nikiyabandika kwenye ukurasa wa huduma ya barua, nikirekebisha viungo vilivyovunjika, na mara nyingi, kwa kuwa kazi ilikuwa inachosha, nikiahirisha hadi habari yenyewe ikapoa. Walikuwapo watu waliohangaika na hitilafu niliyokwisha kuirekebisha wiki tatu nyuma, kwa sababu tu sikuwa nimewaandikia. Hilo ndilo lililonisukuma kutafuta njia ya kuunganisha kazi ya kuandika programu na kazi ya kuwaarifu wanaoitegemea, na tathmini hii inaeleza jinsi zana hizi mbili zinavyoifanya kazi hiyo, mahali zinapohitaji kuangaliwa kwa jicho la karibu, na hatua moja ambayo naona haifai kukabidhiwa mashine kabisa.

GitHub Actions ilitangazwa Oktoba 2018 na kufunguliwa rasmi kwa watumiaji wote Novemba 2019, na wengi wetu tuliijua kwanza kama chombo cha kuendeshea majaribio ya msimbo. Lakini chombo hiki hakichagui kazi. Unaandika faili ya YAML (maandishi ya mipangilio), unaiweka kwenye folda ya .github/workflows ndani ya hazina yako, yaani mahali msimbo wa mradi unapohifadhiwa, unataja tukio linalopaswa kuiamsha, kisha unaorodhesha kazi na hatua zake; tukio likitokea, kompyuta ya muda huwashwa, hatua hutekelezwa moja baada ya nyingine, na kompyuta hiyo huondolewa. Kwa barua za matoleo, uzuri wake mkubwa ni kwamba maelekezo ya kutengeneza barua hukaa palepale ulipo msimbo. Mwenzangu akitaka kubadilisha salamu ya mwanzo au mpangilio wa vichwa, huleta ombi la mabadiliko (pull request) kama anavyoleta jingine lolote, tunalijadili, na historia ya Git, mfumo unaohifadhi kila badiliko la msimbo, hubaki ikionyesha nani alibadilisha nini na lini. Maelekezo yanapokaa ndani ya akaunti ya huduma ya nje inayomilikiwa na mtu mmoja, mtu huyo akiondoka hakuna anayejua tena barua ilikuwa ikitengenezwa vipi.

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ni kuchagua tukio la kuamsha mtiririko (workflow), yaani faili hiyo pamoja na kazi zake. Nimejiandikisha kwenye miradi inayotuma barua kila tawi kuu linapopokea mabadiliko, na kama msomaji wa barua hizo naweza kusema kwamba ni adha: mtu aliyejiandikisha ili ajue kuna toleo jipya hujikuta akipokea habari za koma iliyohamishwa. Tukio linalofaa ni kuchapishwa kwa toleo, yaani pale mtunzaji anapobonyeza kitufe cha kuchapisha kwenye ukurasa wa matoleo, kwa kuwa hapo ameshaamua mwenyewe kwamba lipo jambo la kuwaambia watu. Hata hivyo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba tukio hilo huamshwa pia na matoleo ya majaribio, na usipoweka sharti la kuyaruka, watu watapokea mwaliko wa kusakinisha kitu ambacho wewe mwenyewe bado hukiamini. Wa pili ulinichukua jioni nzima kuuelewa: toleo likichapishwa na mtiririko mwingine kwa kutumia tokeni (ufunguo wa muda) ya kawaida iitwayo GITHUB_TOKEN, halitauamsha mtiririko wa barua. Zuio hilo liliwekwa kwa makusudi ili mitiririko isije ikaamshana bila kikomo, na limeelezwa wazi katika nyaraka za GitHub, lakini dalili yake ni ukimya mtupu. Hakuna alama nyekundu, hakuna mstari hata mmoja katika kumbukumbu za utekelezaji. Nilichofanya ni kuiweka kazi ya barua ndani ya mtiririko uleule unaochapisha toleo, ikisubiri kazi ya kuchapisha ikamilike, na tangu hapo halijanisumbua tena.

Wanaopendelea muhtasari wa wiki au wa mwezi badala ya barua ya kila toleo watatumia ratiba ya cron, inayoamsha kazi kwa saa zilizopangwa. Inafanya kazi, ila ichukuliwe kuwa ni makadirio ya muda. Muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya mizunguko miwili ni dakika 5, saa za kawaida za ratiba ni za UTC (saa rejea za dunia), na nyaraka zenyewe zinaonya kwamba mzigo ukiwa mkubwa, hasa mwanzoni mwa kila saa, utekelezaji unaweza kuchelewa. Ndiyo maana muhtasari wangu wa mwezi umepangwa dakika ya 17 baada ya saa kamili. Tena, katika hazina iliyo wazi kwa umma, ratiba huzimwa yenyewe baada ya siku 60 bila shughuli, kwa hiyo mradi uliotulia kwa miezi miwili kisha ukaamka utahitaji kuwashiwa ratiba yake upya kwa mkono, na mwenye mradi asipokumbuka, waliojiandikisha hawatajua kwamba umeamka.

Sehemu iliyonipa kazi kubwa kuliko zote ni maudhui. Tangu Oktoba 2021 GitHub imekuwa ikiweza kuandika maelezo ya toleo yenyewe, ikiorodhesha maombi yote ya mabadiliko yaliyounganishwa tangu toleo lililotangulia, na kwa faili ndogo ya mipangilio unaweza kuyagawa kwa lebo na kuyaondoa yale yasiyohitajika. Miezi ya kwanza niliiachia orodha hiyo iende kwa wasomaji kama ilivyo. Barua ya toleo la 2.4.0 ilikuwa na mistari 31, na mmoja wapo ulisomeka: “Rekebisha kisoma safu, jaribio la tatu.” Mimi nilijua maana yake, na pengine watu wawili wengine duniani. Aliyekuwa akitumia maktaba hii kusoma majedwali ya kazi yake hakuwa na namna ya kujua kwamba mstari huo mmoja, uliofunikwa na mingine 30 kuhusu majaribio na mpangilio wa folda, ndio uliokuwa ukimhusu kuliko yote. Baadaye niliuandika upya hivi: “Faili zenye alama za nukuu ndani ya seli sasa husomwa hadi mwisho. Ikiwa umewahi kupoteza mistari ya mwisho ya jedwali ulipotumia toleo la 2.3, sasisha, hakuna cha kubadilisha katika msimbo wako.” Ni badiliko lilelile, ila sentensi ya pili imeandikiwa mtu.

Tatizo ni kwamba sentensi ya namna hiyo haiwezi kuchimbuliwa na skripti kutoka kwenye ujumbe wa komiti (commit, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye Git), kwa sababu haimo. Lazima iandikwe na mtu aliyefanya badiliko, siku alipolifanya, akili yake ikiwa bado ina moto wa kazi hiyo. Kwa hiyo niliongeza kwenye kiolezo cha maombi ya mabadiliko sehemu yenye swali moja: mtumiaji ataona nini? Kisha nikaandika ukaguzi unaokataa ombi lolote lililoiacha sehemu hiyo wazi, isipokuwa lile lenye lebo ya kazi za ndani. Wachangiaji wawili walilalamika mwanzoni, na nawaelewa, kwa maana ni mzigo juu ya mzigo. Lakini mmoja wao aliniambia baadaye kwamba swali hilo lilimfanya agundue badiliko lake lingevunja msimbo wa watu, jambo ambalo hakuliona alipokuwa akiandika msimbo wenyewe. Siku ya toleo, skripti hukusanya majibu hayo tu, huyapanga kwa umuhimu, na hutazama namba ya toleo: namba ya kwanza ikibadilika, kwa kufuata desturi ya kupanga namba za matoleo kulingana na uzito wa mabadiliko, kichwa cha barua hueleza wazi kwamba msimbo wa mtumiaji unaweza kuhitaji marekebisho. Mistari mingine yote hubaki kwenye ukurasa wa matoleo kwa anayetaka kuisoma.

Upande wa pili wa daraja yupo Buttondown. Niliichagua kwa sababu mbili zilizo wazi. Inapokea Markdown moja kwa moja, lugha nyepesi ya kupangilia maandishi, ileile ambayo maelezo ya matoleo huandikwa kwayo, kwa hiyo hakuna tafsiri inayovuruga vipande vya msimbo katikati ya safari. Pili, API yake, yaani njia ya programu kuwasiliana na huduma hiyo, inaniruhusu kuunda barua ikiwa rasimu, na kwangu hili ndilo lililokata shauri. Ombi lenyewe ni dogo mno: kichwa cha barua, mwili wake, hali ya rasimu, na ufunguo wa kujitambulisha, linaingia kwenye mistari isiyozidi 20 ya Python. Waliojiandikisha wanaweza kuwekewa lebo, nami nimezitumia kuwatenga wale waliosema wanataka habari za usalama pekee, wasije wakasumbuliwa na kila nyongeza ndogo. Anayetaka barua zenye mapambo mengi, picha kubwa na safu tatu atafurahia zaidi huduma zilizojengwa kwa ajili ya matangazo ya biashara. Barua ya toleo ni maandishi, viungo na vipande vya msimbo, na katika kazi hiyo wepesi wa Buttondown ni sifa.

Ipo njia ya mkato ambayo ningependa kuwasihi wasomaji waiepuke. Kuna vipande vya msimbo vilivyo tayari vinavyoiwezesha GitHub Actions kutuma barua moja kwa moja kupitia seva ya SMTP (kompyuta ya kutuma barua pepe), na baadhi ya watunzaji huweka anwani za wapokeaji ndani ya faili kwenye hazina yenyewe, wakidhani wameokoa hatua moja. Kwa arifa ya ndani kwa watu watatu wa timu, njia hiyo inatosha. Kwa watu waliojiandikisha kutoka nje ni kosa, kwa kuwa hakuna mahali pa kuthibitisha kwamba mwenye anwani ndiye aliyejiandikisha, hakuna kiungo cha kujitoa kinachofanya kazi, na anwani zikishaingia kwenye Git hubaki katika historia hata baada ya faili kufutwa, na kila aliyenakili hazina huondoka nazo. Mtu aliyekupa anwani yake amekuamini, na uaminifu huo hauwekwi kwenye faili ya wazi.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea kabla sijahamia kwenye mpangilio huu, nilipokuwa nikitumia huduma nyingine ya barua na kuiruhusu skripti itume bila kusubiri mtu. Kazi yangu ilikuwa na hatua tatu: kukusanya maelezo, kutuma barua, kisha kuongeza kiungo cha barua hiyo kwenye ukurasa wa toleo. Siku hiyo hatua ya tatu ilishindikana kwa sababu nilisahau kuipa kazi hiyo ruhusa ya kuandika kwenye hazina. Niliona alama nyekundu, nikarekebisha mpangilio wa ruhusa katika hazina, nikabonyeza kitufe cha kurudia kazi zilizoshindikana. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba kurudia kazi kwenye GitHub Actions ni kuirudia tangu hatua yake ya kwanza, hata kama iliyoshindikana ni ya mwisho. Dakika nne baada ya barua ya kwanza, watu wote walipokea ya pili, iliyofanana nayo neno kwa neno. Watu kumi na mmoja walijitoa jioni ile. Mmoja aliandika kwa upole kuuliza kama kuna tofauti kati ya barua hizo mbili, kwa kuwa alikuwa amezisoma zote sambamba akiitafuta, na swali lake liliniuma kuliko wale kumi na mmoja, maana nilikuwa nimempotezea muda mtu aliyenichukulia kwa uzito.

Kosa lilikuwa langu, na marekebisho yake ndiyo moyo wa mpangilio ninaoupendekeza. Kwanza, hatua isiyoweza kutenduliwa iwe katika kazi yake peke yake, nayo iwe ya mwisho, ili hakuna chochote baada yake kinachoweza kushindikana na kusababisha irudiwe. Pili, kila barua ibebe alama ya toleo lake, na kabla ya kuunda rasimu skripti iulize huduma ya barua kama tayari ipo rasimu au barua iliyotumwa yenye alama hiyo. Ikiwapo, iishie hapo na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba imekuta kazi imeshafanyika. Tatu, mtiririko uwekewe kundi moja la zamu (concurrency), jambo ambalo GitHub Actions hulitoa kwa mistari miwili ya YAML, ili utekelezaji wa aina moja usiende mara mbili kwa wakati mmoja. Tangu niyaweke hayo matatu nimerudia kazi mara nyingi kwa sababu mbalimbali, na kila mara matokeo yamekuwa rasimu moja.

Kisha kuna idhini ya mtu. Nimesoma hoja za wanaosema kwamba mfumo unaosubiri kitufe haujakamilika, na kwa kazi nyingine nakubaliana nao. Msimbo ukisambazwa vibaya unaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Ukurasa wa tovuti ukiwa na kosa unasahihishwa. Barua pepe ikishafika kwenye sanduku la mtu imekuwa yake, na huwezi kuingia kuirekebisha. Ndiyo maana kwangu mashine hufanya kila kitu hadi rasimu, hunitumia nakala ya majaribio, nami huifungua kwenye simu na kwenye kompyuta, hubofya kila kiungo, husoma kichwa kwa sauti, ndipo huiruhusu. Kazi nzima huchukua chini ya dakika kumi, nayo imeokoa mengi: viungo viwili vilivyoelekeza kwenye toleo lililopita, jina la mchangiaji lililokosewa, na safari moja barua nzima iliyopangwa chini ya kichwa cha mwezi uliotangulia. Wanaotaka idhini hiyo ikae ndani ya GitHub badala ya kwenye huduma ya barua wanaweza kutumia mazingira (environments) yenye wakaguzi, ambayo kwa hazina za umma hupatikana kwa kila akaunti. Kazi husimama hadi mmoja wa watu waliotajwa aikubali, na siku 30 zikipita bila jibu hushindikana yenyewe. Timu yenye watunzaji kadhaa itanufaika zaidi na njia hii, kwa sababu jina la aliyeidhinisha hubaki kwenye kumbukumbu.

Ufunguo wa API wa huduma ya barua unastahili kulindwa kuliko watu wengi wanavyoulinda. Anayeupata anaweza kusoma anwani za wote waliokuamini na kuwaandikia kwa jina lako. GitHub hukupa mahali pa kuhifadhi siri, huzifunika zinapojitokeza kwenye kumbukumbu, na kwa kawaida haizipitishi kwa mitiririko inayoamshwa na maombi ya mabadiliko kutoka kwenye nakala za watu wa nje. Ulinzi huo una mpaka wake, nao ni vile vipande vya msimbo vya watu wengine unavyovialika ndani ya mtiririko wako. Machi 2025 kipande maarufu kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na hazina zaidi ya 23,000, kilivamiwa. Mvamizi alizielekeza lebo za matoleo yake ya zamani kwenye komiti yenye msimbo wa hila uliochapisha siri ndani ya kumbukumbu za utekelezaji, na kwa hazina za umma kumbukumbu hizo husomwa na yeyote. Waliokuwa wamefungia matumizi yao kwenye alama kamili ya komiti, ile yenye herufi na tarakimu 40, hawakubebwa na lebo zilizogeuzwa. Baada ya tukio hilo niliondoa kila kipande cha nje kwenye kazi inayogusa ufunguo wa barua, nikabakiza skripti yangu na maktaba za kawaida za Python. Mistari iliongezeka kidogo, na usingizi wangu pia.

Kuhusu barua kufika, yaani kutoangukia kwenye barua taka, mpangilio huu wa GitHub hauna la kusema. Mzigo wote uko kwenye kikoa chako (jina la mtandaoni unalotumia kutuma barua) na huduma ya barua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti, na kwa anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail, Google hutaka kikoa kiwe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwako), barua za orodha ziwe na njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na kiwango cha malalamiko ya barua taka kikae chini ya asilimia 0.3. Mimi siko karibu na 5,000, lakini nimeyatimiza yote, kwa sababu masharti hayo yanaeleza adabu ya kawaida ya kumwandikia mtu. Kujitoa kwa mbofyo mmoja kunafuata mapendekezo ya RFC 8058, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2017, ambayo yalizaliwa na tatizo la kweli: programu za usalama hufungua viungo vya barua ili kuvikagua, na kiungo cha kujitoa kilichokuwa kikifanya kazi kwa kufunguliwa tu kilikuwa kikiwatoa watu ambao hawakuomba. Kwa RFC hiyo, programu ya barua hutuma ombi mahsusi ambalo mkaguzi wa viungo hawezi kulituma kwa bahati mbaya. Vijajuu vinavyobeba maelekezo hayo, yaani mistari iliyofichika mwanzoni mwa barua, hutengenezwa na huduma ya barua. Kazi iliyobaki kwako ni kuweka kumbukumbu za DNS, yaani mipangilio ya umma ya kikoa chako, kwa usahihi mara moja, kisha kuzikagua kila unapobadilisha chochote kwenye kikoa.

Jambo moja dogo linalosahaulika ni ukubwa. Gmail huikata barua inayozidi takriban kilobaiti 102 na kumwekea msomaji kiungo cha kuona iliyobaki, na mara nyingi kilichokatwa huwa ni sehemu ya chini, ambapo kiungo cha kujitoa hukaa. Toleo kubwa lenye vipande vingi vya msimbo vilivyotiwa rangi hufikia kiwango hicho haraka kuliko unavyotarajia. Skripti yangu hupima barua baada ya kuigeuza kuwa HTML na hukataa kuunda rasimu ikizidi kilobaiti 90.

Vipimo vya waliofungua barua nimevizima. Tangu Apple ilipoleta ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya Mail Septemba 2021, picha za ndani ya barua hupakuliwa mapema bila kujali kama mtu amesoma au hajasoma, hivyo namba hiyo haina maana tena. Ninachohesabu ni majibu. Barua zangu huondoka na anwani inayosomwa na mtu, na katika miezi hii nimepokea ripoti za hitilafu zilizo bora kuliko zile za kwenye orodha ya masuala, kwa sababu mtu ambaye hangefungua akaunti ya GitHub ili alalamike anaweza kubonyeza kitufe cha kujibu.

Kwa mradi wenye mtu mmoja na matoleo mawili kwa mwaka, sipendekezi kujenga haya yote; andika barua kwa mkono, itakuwa nzuri zaidi. Kwa mradi unaotoa toleo kila wiki mbili au tatu, wenye wachangiaji zaidi ya watatu na watu wanaoutegemea kazini, GitHub Actions pamoja na Buttondown ni mpangilio ninaoweza kuusimamia hadharani, kwa sharti la rasimu na idhini nililolieleza. Ilinichukua siku mbili kuujenga na kama wiki sita kuunyoosha.

Kimebaki kipengele kimoja ambacho bado nakifanyia kazi, nacho ni barua za usalama. Katika toleo la kawaida, barua ikitangulia kabla kifurushi hakijafika kwenye ghala la vifurushi, hasara ni msomaji kujaribu kusasisha na kukuta toleo la zamani. Katika toleo la usalama, barua iliyotangulia inamwambia mvamizi udhaifu ulipo huku mtumiaji akiwa hana cha kusakinisha. Kwa hiyo kazi ya barua sasa huuliza PyPI, ghala la vifurushi vya Python, kila sekunde 30 kama toleo jipya limeonekana, na haiundi rasimu hadi jibu liwe ndiyo. Ikipita robo saa bila jibu, hushindikana na kuniarifu. Sehemu hiyo imekamilika. Ninachojaribu wiki hii ni kuiwezesha skripti ijaze mstari wa kwanza wa barua ya usalama kwa namba za matoleo yaliyoathirika, ikizichukua kutoka kwenye tangazo la usalama la hazina, ili mtu mwenye haraka asome mstari mmoja na ajue kama anapaswa kuacha anachokifanya na kusasisha sasa hivi.